Urithi wa Uhakiki wa Kirusi na Ngano za Kilosa
Sehemu ya Pili: Umbo la Kisa na Jamii Inayokisimulia

Katika sehemu ya kwanza ilielezwa jinsi umaumbo, yaani mkabala wa uhakiki unaochunguza namna kazi ya fasihi ilivyoundwa kabla ya kuuliza inasema nini, ulivyochipuka nchini Urusi, pale Roman Jakobson na wenzake walipoanzisha duru ya wanaisimu mjini Moscow mwaka 1915, na Viktor Shklovsky alipodai, mwaka 1917, kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kilichozoeleka kionekane kigeni ili kitazamwe upya. Sehemu hii inamhusu Vladimir Propp (1895–1970), aliyekuwa jirani wa wanaumaumbo hao kifikra, na inakipima chombo chake kwa ngano za Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, eneo lenye Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, linaloanzia milima ya Ukaguru na kuteremka kusini hadi Mikumi.

Mwaka 1928 Propp alichapisha mjini Leningrad kitabu kuhusu mofolojia ya ngano, neno alilolichukua katika elimu ya mimea, ambako maana yake ni uchunguzi wa sehemu za mmea na uhusiano wa sehemu hizo na mmea mzima. Alizichambua ngano 100 za ajabu zilizomo katika mkusanyo wa Aleksandr Afanasyev wa karne ya 19, akabaini kwamba majina na sifa za wahusika hubadilika huku matendo yao yakijirudia, kwani shujaa anaweza kupewa tai na mfalme, farasi na mzee au mashua na mchawi, na mara zote akafikishwa nchi ya mbali. Tendo kama hilo, likitazamwa kwa nafasi yake katika mwendo wa kisa, ndilo linaloitwa jukumu. Propp alihesabu majukumu 31, ambayo si lazima yote yawemo katika kila ngano lakini yaliyomo hufuata mpangilio uleule, na aina 7 za wahusika wanaoyatekeleza: mpinzani, mpaji, msaidizi, binti mfalme pamoja na baba yake, mtumaji, shujaa na shujaa wa uongo.

Ngano za Kilosa ziliingia mapema katika maandishi ya kitaaluma, kwa kuwa mwanaanthropolojia wa Marekani, T. O. Beidelman, alifanya utafiti miongoni mwa Wakaguru kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1961 akachapisha makala iliyomsoma Fisi na Sungura kama taswira ya mahusiano ya ukoo wa upande wa mama, yaani mfumo ambao mtu huhesabiwa kuwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba huwa na sauti kubwa juu ya wapwa.

Mfano mzuri wa kupimia ni kile kisa cha Fisi na Sungura kinachojulikana katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ambamo njaa inaingia, marafiki hao wawili wanakubaliana kila mmoja amtoe mama yake ili wapate chakula, Fisi anatimiza ahadi, lakini Sungura anamficha wa kwake na kwenda kula kwake kwa siri, hadi hila inapogunduliwa na urafiki kuvunjika. Njaa inalingana na jukumu ambalo Propp aliliita upungufu, na hila ya Sungura inalingana na lile la udanganyifu. Lakini baada ya hapo ulinganifu unakatika, kwa sababu hakuna mtumaji, hakuna mpaji wala arusi ya mwisho, na anayedanganya ndiye ambaye hadhira inamshangilia, ilhali kwa Propp udanganyifu ni jukumu la mpinzani. Mtaalamu wa ngano wa Marekani, Alan Dundes, aliyeuendeleza mkabala wa Propp, alionyesha mwaka 1971 kwamba ngano nyingi za Kiafrika zina mpangilio wake zenyewe: urafiki, mapatano, uvunjaji wa mapatano, ugunduzi wa uvunjaji huo, kisha mwisho wa urafiki. Mpangilio huo unakikaa kisa cha Fisi na Sungura kama nguo iliyopimwa mwilini.

Hata hivyo, umbo pekee halielezi kwa nini kitu kinachotolewa katika mapatano ni mama, wala si mbuzi au shamba. Kwa msikilizaji wa Ukaguru, ambaye anapata ukoo wake kupitia kwa mama, Fisi hakupoteza mzazi tu, bali amekata shina linalomfanya awe mtu wa watu, na ujinga wake unapimwa kwa hasara hiyo. Propp mwenyewe alilitambua hitaji la kuvuka umbo, ndiyo maana katika kitabu chake cha mwaka 1946 alilitafuta chimbuko la ngano za ajabu katika mila za kale, hasa zile za kuwaingiza vijana utu uzima, jambo ambalo msomaji wa Kilosa, anayejua jando na unyago, halimpigi chenga.

Urithi wa Propp, kwa hiyo, unafaa Kilosa kama mwanzo wa kazi, maana umbo huonyesha kisa kimejengwaje na jamii hueleza kwa nini kimejengwa hivyo, na mhakiki anayeshika kimoja na kuacha kingine anabaki na nusu ya ngano. Propp alifanikiwa kwa sababu Afanasyev alikuwa amekwisha kukusanya ngano karibu 600. Walimu na wanafunzi wa Kilosa na Mikumi wanaotaka uhakiki wa kiwango hicho hawana budi kuanza na ukusanyaji: waketi na wazee, wazirekodi ngano kwa lugha zinamosimuliwa, na waandike kando ya kila moja mahali na tarehe iliposimuliwa.