Kusomea Kilimo Chuo Kikuu: Mkosi au Bahati?

Ukipanda basi Mombasa ukielekea Nairobi, ukishapita Mazeras na Mariakani, utafika Samburu. Usidanganywe na jina, msomaji. Hii si Samburu ile ya kaskazini mwa Kenya. Hii ni Samburu ya Waduruma, katika eneo bunge la Kinango, kaunti ya Kwale. Watu wa Diani na Msambweni wana minazi na bahari. Watu wa huku wana vichaka vya miiba, mbuzi, ng'ombe, na mahindi yanayotegemea rehema ya mawingu.

Sasa mfikirie kijana wa huko, au pengine ni mwanao wewe unayeishi Changamwe au Eastleigh. Amefanya vyema mtihani wa kidato cha nne na ameitwa chuo kikuu. Jamaa wamekusanyika, chai imeandikwa. Mjomba anauliza, "Ameitwa kusomea nini?" Kijana anajibu kwa sauti ya chini, "Kilimo." Basi baraza zima linanyamaza kana kwamba limemwagiwa maji baridi. Kisha mzee mmoja anatoa lililo moyoni mwa wote: "Kwani jembe nalo lasomewa?"

Usimcheke mzee huyo. Swali lake tumelifundisha sisi wenyewe. Shuleni, mtoto aliyechelewa alipewa nini? Jembe, akalime kiwanja. Aliyepiga kelele darasani? Panga, akafyeke nyasi. Nyumbani naye aliambiwa, "Usiposoma utaishia kulima." Baada ya miaka kumi na miwili ya mafunzo kama hayo, tunashangaa kwa nini kijana anaiona barua ya kilimo kama hukumu!

Ng'ombe wa nani wanakufa?

Hebu tulijibu swali la mzee. Uko ugonjwa wa ng'ombe uitwao ndigana kali. Wazungu waliuita homa ya Pwani ya Mashariki, yaani pwani yetu hii. Mwanzoni mwa karne ya 20, ng'ombe kutoka huku walipelekwa kusini mwa Afrika kujaza pengo la mifugo iliyofyekwa na sotoka. Wakafika na ugonjwa wao, na ng'ombe wa huko wakafa kwa wingi. Jina la pwani yetu likaingia katika vitabu vya dunia kwa sababu ya kupe.

Je, ni nani aliyepata njia ya kuukinga? Ni watu waliosomea mambo haya. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, walitengeneza chanjo ya ajabu kidogo: ng'ombe hupewa kijidudu chenyewe cha ugonjwa, na papo hapo akapigwa sindano ya dawa ya kukizuia. Hupona, akabaki na kinga.

Tazama pia mambo ya Shimba Hills, papo hapo Kwale, ambako mbung'o huwaletea ng'ombe ugonjwa wa nagana. Watafiti wa kituo cha ICIPE waligundua kuwa mbung'o humkwepa mnyama aitwaye kuro kwa sababu ya harufu yake. Wakaiga harufu hiyo, wakaitia katika kidude anachovishwa ng'ombe shingoni. Wafugaji wa Kwale walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukijaribu, na ugonjwa ukapungua sana. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyekuwa pia mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Jembe, mzee wangu, lasomewa!

Husomwa nini huko?

Shahada ya kilimo kwa kawaida huchukua miaka minne. Mwanafunzi husoma udongo na maji, mimea na magonjwa yake, mifugo na malisho, hesabu za biashara ya shamba, na namna ya kuzungumza na mkulima bila kumdharau. Kwa hiyo biolojia, kemia na hesabu si masomo ya kuchezea. Mlango wa shahada nchini Kenya ni wastani wa C+. Aliyekosa huweza kuanzia diploma, ambayo mlango wake ni C-, kisha akapanda ngazi.

Vyuo havikosekani. Egerton, kule Njoro, ilianza mwaka 1939 kama shule ya ukulima na ikawa chuo kikuu mwaka 1987. Iko Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iko Juja, na ng'ambo ya mpaka iko Sokoine ya Morogoro, iliyoanzishwa mwaka 1984. Kwa mtoto wa Pwani, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mahali palipokuwa taasisi ya kilimo hapo awali. Kilipata hati yake kamili mwaka 2013.

Ukweli usiofichwa

Lakini tusidanganyane. Zamani mhitimu wa kilimo aliingojea barua ya serikali, akapewa pikipiki na kuitwa bwana shamba. Siku hizo zimepita. Tangu mwaka 2013 kazi za ugani ziko mikononi mwa kaunti, na nafasi ni chache kuliko wahitimu. Anayekwenda chuoni akitazamia meza na kiti cha kuzunguka huenda akarudi akilia.

Kwa hiyo, kijana, wakati wa mafunzo ya nyanjani usikimbilie ofisi za mjini. Nenda josho, nenda kwenye mashamba ya utafiti ya Mtwapa na Matuga, kaa na mfugaji umwulize anachokijua. Jifunze jambo moja mpaka uweze kuliuza: miche, chanjo ya kuku, malisho ya kiangazi.

Nawe mzazi, kumbuka ukame ulioendelea mwaka 2022, mvua ilipokosa msimu baada ya msimu na mifugo ikaanguka huko Kinango. Wakili hakuweza kuwaokoa ng'ombe wale, wala mhasibu. Alihitajika mtu ajuaye kukata majani msimu wa mvua na kuyahifadhi, na ajuaye ng'ombe gani auzwe mapema kabla hajakonda.

Basi siku barua hiyo itakapoingia nyumbani kwako, usinyamaze. Mwambie mwanao, "Hongera." Kisha mwulize swali moja tu: "Ukirudi, utamfanyia nini mkulima wa huku?" Akiwa na jibu, mfungashie mizigo. Akiwa hana, mpe miaka minne alitafute.