Kurefuka kwa Umri wa Binadamu (Sehemu ya Pili): Bibi wa Kihadza na Hesabu ya Kustaafu

Katika sehemu ya kwanza tulikuwa maabara. Tuliwaona panya wa Clive McCay wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambao mwaka 1935 walithibitika kuishi zaidi walipopunguziwa chakula, na minyoo ya Cynthia Kenyon ambayo mwaka 1993 iliishi mara mbili ya kawaida baada ya jeni moja tu kubadilika. Leo tunaiacha maabara na kwenda Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Hoja mojawapo nzito kabisa kuhusu umri mrefu wa binadamu ilipata ushahidi wake pale, na inasikitisha kwamba Watanzania walioisikia ni wachache mno.

Wahadza ni watu elfu moja na ushee. Baadhi yao hadi leo wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuokota ubuyu na kuchimba mizizi. Katika miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa kambini mwao wakiandika mambo ya kila siku: nani ametoka kutafuta chakula, amekaa porini kwa muda gani, amerudi na nini, kina uzito gani. Kumbukumbu hizo zilipojumlishwa, wanawake waliokwisha kuacha kuzaa ndio waliokuwa wakichapa kazi kwa saa nyingi kuliko wanawake vijana. Na kazi yenyewe si ya mchezo. Mzizi uitwao ekwa hukua chini sana, mara nyingi kati ya mawe, na huchimbuliwa kwa mti uliochongwa ncha, mchimbaji akiwa ameketi juani. Mtoto mdogo hana nguvu za kuupata wa kumshibisha.

Kisha watafiti wakawapima watoto uzito. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1997 yanastahili kusomwa polepole. Mama asipokuwa na mtoto mchanga, watoto wake walinenepa au kukonda kulingana na bidii yake mwenyewe. Akijifungua, muda wake wa kuchimba ulipungua kwa sababu ya kunyonyesha, na hapo afya ya yule mtoto aliyeachishwa ziwa haikumfuata tena mama. Ilifuata bidii ya bibi.

Hawkes na wenzake wakajenga hoja yao juu ya msingi huo. Sokwe jike na mwanamke hufikia mwisho wa uzazi katika umri unaokaribiana, miaka ya arobaini. Lakini sokwe wa porini hufa karibu na hapo, ilhali mwanamke wa Kihadza aliyefika miaka 45, bila hospitali wala maji ya bomba, hutarajiwa kuishi zaidi ya miaka 20 mingine. Miaka hiyo imetoka wapi? Jibu lao ni kwamba katika vizazi vya kale, bibi aliyebaki na nguvu aliwalisha wajukuu, binti yake akaweza kushika mimba nyingine mapema, na damu ya huyo bibi mwenye maisha marefu ikaenea. Kwa hoja hii, uzee wetu ni sehemu ya maumbile yaliyotufanya watu, wala haukuletwa na dawa za karne ya 20.

Wapo watakaouliza: mbona tumefundishwa kwamba watu wa zamani walikufa wakiwa na miaka thelathini na kitu? Hapa pana kosa la kusoma wastani. Kwa Wahadza, karibu nusu ya watoto walikuwa wakifariki kabla ya utu uzima, na vifo hivyo ndivyo vinavyouvuta wastani chini. Michael Gurven na Hillard Kaplan walikusanya takwimu za jamii kadhaa za wawindaji mwaka 2007, wakakuta kwamba umri ambao watu wazima wengi hufariki ni karibu miaka 72. Nchi yetu ilipopata Uhuru mwaka 1961, mtoto aliyezaliwa alitarajiwa kuishi miaka arobaini na kidogo; sasa ni zaidi ya 60. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni chanjo, maji safi na huduma za uzazi zilizowaokoa watoto. Wazee tulikuwa nao siku zote.

Ushahidi wa bibi umepatikana hata mbali na Eyasi. Mwaka 2004 watafiti waliochambua rejesta za kale za Finland na Kanada waligundua kuwa kwa kila miaka 10 mwanamke aliyoishi baada ya 50, alipata wajukuu wawili zaidi. Na mwaka 2017 timu iliyomshirikisha Profesa Audax Mabulla, mwanaakiolojia wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliwavalisha Wahadza 33 vifaa vya kupimia usingizi kwa takriban siku 20. Katika siku hizo zote, muda ambao watu wazima wote walikuwa wamelala kwa pamoja haukuzidi dakika 18. Wazee hulala mapema na kuamka mapema, vijana huchelewa, hivyo kambini karibu kila wakati kuna jicho lililo wazi. Usingizi mwepesi wa uzeeni, ambao zahanati nyingi huuona kama kasoro, huenda ulikuwa ulinzi wa kijiji.

Wapinzani wa hoja hii wapo, na wana haki ya kusikilizwa. Kuna wanaosema kilichorefusha umri ni ujuzi wa uwindaji unaochukua miaka mingi kukomaa. Na mwaka 2023 Brian Wood na wenzake walieleza kuwa sokwe majike wa Ngogo, katika Hifadhi ya Kibale nchini Uganda, nao huacha kuzaa na kuishi miaka kadhaa baadaye, ingawa hawalei wajukuu, kwa maana binti wa sokwe huhamia kundi jingine anapopevuka. Hilo ni pigo kwa wanaotaka bibi awe maelezo pekee. Hata hivyo halifuti vipimo vya Eyasi. Asili ya umri mrefu inaweza kubishaniwa. Mchango wa wazee katika kuwalisha na kuwalinda watoto umepimwa na umeonekana.

Sasa tuje kwenye kustaafu. Umri wa kustaafu haukutoka kwenye mwili wa binadamu. Ulitungwa na serikali. Ujerumani ya Bismarck iliweka miaka 70 katika sheria ya mwaka 1889, ikashusha hadi 65 mwaka 1916, na dunia ikaiga. Kwetu mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na 55 na kwa lazima akiwa na 60. Maprofesa na madaktari bingwa wameongezewa hadi 65, jambo linaloonyesha kwamba dola yenyewe inajua akili haizimiki siku ya kuzaliwa.

Mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, uliowaka mwaka 2018, na kurudi mwaka 2022 malipo ya mkupuo yalipowekwa asilimia 33, ulikuwa kwa undani wake mjadala wa umri. Hesabu ile ilitumia miaka 12.5 kama muda wa kuishi baada ya kustaafu, yaani kutoka 60 hadi 72 na nusu. Wafanyakazi walikuwa na sababu ya kulalamika, maana mwalimu aliyepanga kumalizia nyumba kwa kiinua mgongo hawezi kuambiwa tu asubiri cha kila mwezi. Lakini hata tungepata kikokotoo bora kuliko vyote, kingewagusa wachache. Mkulima wa Muleba, mvuvi wa Kilwa, mama lishe wa Mbagala hawana mfuko unaowakata wala unaowasubiri. Hao hawastaafu. Wanaendelea na jembe mpaka mgongo ukatae.

Na wengi wao, kama bibi wa Eyasi, hawajilishi wenyewe tu. Ukimwi ulipobainika Kagera mwaka 1983 na kuwamaliza vijana katika miaka iliyofuata, mabibi ndio waliobaki na yatima. Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwishoni mwa 2003 kuwapa wazee fedha kidogo kila mwezi. Ripoti ya tathmini ya mwaka 2008 ilibeba katika jina lake vitu ambavyo pesa ile ilinunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Shilingi aliyopewa mzee iliishia miguuni mwa mjukuu. Anayesema pensheni kwa wazee wasio na ajira ni kutupa pesa aijibu kwanza ripoti hiyo.

Zanzibar imekwisha kuonyesha njia. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa katibu mkuu au mchuuzi wa samaki, hulipwa Pensheni Jamii kutoka hazina ya Serikali, bila kuulizwa aliwahi kuchangia wapi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003 na hoja ya pensheni kwa wote imezungumzwa miaka nenda rudi, lakini mzee wa Geita na wa Mtwara bado anasubiri.

Ninawaomba wabunge wetu waanze hata na umri wa miaka 70, hata na kiwango kile kidogo cha Zanzibar cha mwaka 2016, na waandike mwaka wa kuanza ndani ya sheria. Tarehe ndiyo iliyokosekana katika ahadi zote zilizotangulia.