Kuchagua Ramani za Bahari za Kielektroniki

Ramani za bahari za kielektroniki ni za aina mbili. Ya rasta ni picha ya ramani ya karatasi: ikikuzwa, maandishi hukua nayo, wala hakuna kinachofichwa. Ya vekta ni hazina ya taarifa. Kila boya, mnara wa taa na kipimo cha kina huhifadhiwa peke yake, na programu ndiyo huamua kipi kionekane katika kila kiwango cha ukuzaji.

Uamuzi huo wa programu ndio wa kuchungwa kuliko yote. Tarehe 29 Novemba 2014, usiku, mashua ya mashindano Vestas Wind ilipanda miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki mwa Mauritius. Miamba ilikuwamo ramanini, lakini ilipotazamwa kwa ukuzaji mdogo hatari yake haikujitokeza. Watu wote 9 waliokolewa. Njia nzima basi hukaguliwa kwa ukuzaji wa juu kabla ya kung'oa nanga, na programu isiyorahisisha kazi hiyo haifai, hata iwe na rangi nzuri kiasi gani.

Umri wa vipimo nao huhesabika. Skrini mpya huweza kuonyesha kina kilichopimwa zamani kwa bildi. Ramani rasmi za vekta hutaja daraja la uhakika wa upimaji, kuanzia A1 hadi D. Panapoandikwa D, karibu na matumbawe, macho ya baharia hutangulia skrini. Kwa pwani za Marekani, ramani rasmi hutolewa bure na NOAA, idara ya bahari na hewa ya nchi hiyo.