Saladi ya kushibisha bila nyama wala maziwa

Mtajie saladi mkazi wa Endarasha mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umeshuka kutoka milima ya Nyandarua, naye atakutazama kama mtu aliyepotea njia. Upande huo wa Kieni watu hutaka chakula cha moto kinachokaa tumboni. Hata Nyeri mjini na Nairobi, wengi huhesabu saladi kuwa vipande vya nyanya na kitunguu kando ya nyama choma, au adhabu ya mtu aliyeamriwa na daktari apunguze unene.

Kosa si la saladi bali la tunavyoiandaa. Kachumbari ni kiungo, si mlo. Ukiiondoa nyama, haiwezi kusimama peke yake, kwa sababu nyanya na vitunguu ni maji matupu kwa sehemu kubwa. Saladi ya kushibisha inahitaji vitu vitatu ambavyo kachumbari haina: wanga, protini na mafuta. Vyote hivyo vinapatikana katika soko lolote la Nyeri, kuanzia Mweiga hadi Karatina, bila kugusa nyama, mayai wala maziwa.

Tuanze na viazi, ambavyo malori hubeba kila siku kutoka Kieni kwenda kulisha miji. Mwaka 1995, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wakiongozwa na Susanna Holt, waliwapa watu vyakula 38 vyenye nishati sawa, kisha wakapima jinsi kila kimoja kilivyowashibisha. Mkate mweupe ulipewa alama 100. Viazi vya kuchemshwa vilipata 323 na kuongoza orodha yote, vikiishinda hata nyama ya ng'ombe. Lakini ni vya kuchemshwa, si chipsi.

Chemsha viazi na maganda yake, uviepue mara tu kisu kinapopenya. Aina ya Shangi huiva upesi na kupasuka, kwa hiyo usiende kupiga gumzo na jirani. Viazi vilivyogeuka rangi ya kijani au vilivyochipua sana viache kabisa, kwani vina sumu isiyoisha kwa kuchemshwa.

Protini itoke kwenye maharagwe, ndengu, njegere au njahi. Wakikuyu wamempa mama aliyejifungua njahi tangu zamani. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha hadi ziive kabisa. Maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayoleta kutapika na kuhara. Yanahitaji kutokota kwa nguvu dakika 10 au zaidi mwanzoni, kabla ya kupunguza moto. Njahi zikiwa chungu, badilisha maji njiani.

Je, nguvu za nyama zitatoka wapi? Tupige hesabu. Mtu mzima wa kilo 70 anahitaji takriban gramu 56 za protini kwa siku. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina gramu 15 hivi. Viazi gramu 300 vinaongeza 5 au 6, na konzi ya karanga, yaani gramu 30, huleta kama 7. Sahani moja tu imetoa karibu nusu ya mahitaji ya siku nzima.

Sasa mchuzi. Twanga karanga zilizokaangwa bila mafuta hadi zilainike, uchanganye na maji ya limau, kitunguu saumu, chumvi kidogo na maji ya uvuguvugu mpaka uwe mzito kama uji. Umwagie viazi na maharagwe yakiwa bado na joto, kwani ndipo yanapofyonza ladha, tena hakuna sheria inayosema saladi lazima iwe baridi. Halafu ongeza kabichi iliyokatwa nyembamba, karoti iliyokatwa kama njiti za kiberiti, dania na parachichi. Mafuta ya karanga na parachichi si anasa. Bila mafuta, mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya kile kinachogeuka kuwa vitamini A kutoka kwenye karoti.

Asiye na muda achukue githeri ya jana iliyohifadhiwa vizuri, aipashe moto, aichuje supu na kuichanganya na mboga hizo. Mahindi na maharagwe husaidiana: protini inayopungua kwa moja hupatikana kwa jingine. Kwa maoni yangu hii ndiyo saladi bora kuliko zote, na ni ya bei nafuu. Managu na terere zipikwe kwanza, na thabai usithubutu kuila mbichi.

Mboga mbichi zioshwe kwa maji safi yanayotiririka au yaliyochemshwa, si ya mto, maana homa ya matumbo na kipindupindu hupitia hapo. Mkulima naye asubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa kabla ya kuvuna kabichi aliyoipulizia.

Kula hivi si jambo geni kwetu. Waumini wa Kanisa la Orthodox, lililoingia Kenya katika miaka ya 1930 na kupata wafuasi wengi katika nchi ya Wakikuyu, huacha nyama, mayai na maziwa wakati wa mfungo. Lakini kufunga kwa majuma kadhaa ni tofauti na kuacha vyakula hivyo maisha yote. Vitamini B12 haipatikani katika mimea. Mwili unaweza kutumia akiba ya ini kwa miaka kadhaa bila dalili, kisha damu ikapungua na mishipa ya fahamu ikaharibika, pengine bila kurekebishika. Anayeamua kuishi kwa mimea pekee anahitaji vidonge vya B12 au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Mama mjamzito au anayenyonyesha asianze kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya, kwa sababu mtoto ndiye huumia kwanza.

Na chai? Ile tunayoshushia chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga, ilhali limau huongeza ufyonzaji huo. Kunywa chai yako saa moja baada ya kula.