Yaya Mdogo Asiyejua Mjini

Likizo ya uzazi, ambayo kwa sheria ya Tanzania ni siku 84 kwa aliyejifungua mtoto mmoja, inapokaribia kwisha, mama huja kliniki na mwanawe, humpima uzito, kisha huinama na kuninong'oneza suala lile lile: "Sista, nitafutie binti mdogo wa Iringa, asiyejua mjini." Haulizi binti huyo awe na maarifa gani, wala maziwa atayahifadhi vipi; huuliza asili na umri kama mtu anunuaye mbuzi mnadani, na nikimjibu kwamba sina biashara hiyo, huhama Iringa akaenda Singida, na kutoka Singida akaenda Dodoma, kana kwamba nilichokataa ni mkoa.

Habari ya mkoa haistahili wino mwingi. Ulezi haurithiwi kwa kabila, na anayedhani vinginevyo anawasikiliza mno madalali.

Dhana ya umri ndiyo yenye madhara. Husemwa kwamba binti wa miaka 13 au 14 ana utii, hajibu, hana simu wala bwana, na atafundishika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na aliyeufikia umri huo humruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuilia masomo. Na kushinda na mtoto mchanga tangu alfajiri hata usiku hakuwi kazi nyepesi kwa sababu tu mwajiri amekuita kusaidiana. Lakini hata tukiiweka sheria kando, kwa kuwa wengi wanaijua na kuipita, hoja hiyo haina mguu wa kusimamia. Utii usifiwao hapa, ukitazamwa kwa insafu, ni hofu, na hofu ni sifa mbaya kupita zote kwa mtu aliyeachiwa kiumbe asiyeweza kusema. Mtoto aangukapo kitandani asubuhi, yaya mwenye hofu humbembeleza hata akanyamaza, kisha naye hunyamaza, na mama arudipo jioni huambiwa kwamba wameshinda salama. Usiku mtoto atapikapo na kulegea ndipo aletwapo kwetu, nasi tukiuliza yalianza lini, hakuna ajuaye. Wapo pia waliolazwa usingizi kwa dawa ya mafua, kwa kuwa binti aliyeamka saa kumi kufua, na ambaye hatalala mpaka mabwana wale, aliona siku moja kwamba dawa ile huleta utulivu. Mimi simlaumu. Kufundishika kwahitaji mwalimu, na mwalimu ameondoka na daladala ya saa kumi na mbili.

Na mambo ya kufundishwa si haba. Mtoto wa miezi miwili hata kumi na moja avutaye pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, hali ametulia, ni wa kupelekwa hospitali siku ile ile. Aliyepaliwa hapigwi utosini. Aharaye hanyimwi maziwa. Nani kati yetu alimudu hukumu za namna hii akiwa na miaka 13?

Basi, kwa wenye haraka: mchukue aliyetimiza miaka 18 na aliyepata kulea, ukaulize nyumba alikotoka kama wangempokea tena. Kaa naye juma zima au mawili kabla hujarudi kazini, umwone anavyonawa mikono, anavyomnywesha mtoto kwa kikombe maziwa uliyokamua, ambayo kwa joto letu yasikae nje ya jokofu kupita muda wa saa nne, na anavyofanya kilio kisipokoma. Mtoto alazwe chali; karanga, ndoo za maji na mafuta ya taa viwe mbali naye. Andikianeni mkataba, wenye mshahara wa tarehe maalumu na siku ya mapumziko, ukikumbuka kwamba saa za kawaida za kazi kisheria ni 45 kwa wiki. Mwachie simu yenye salio, na akikupigia kusema mtoto ameanguka, mshukuru kwanza. Kamera ya siri itakuonyesha jioni jambo la asubuhi. Asiyemudu ujira wa mtu mzima atazame kwa bibi, au kituo cha kulelea watoto mchana kilichosajiliwa, aende bila taarifa wakati wa chakula, ahesabu walezi na watoto.