Ile Sauti Kwenye Simu

 

Mwezi Julai 2025, wakati wa kampeni ya chanjo ya homa ya matumbo na ya surua na rubela, sauti ilizunguka katika kundi la WhatsApp la akina mama wa kwetu. Mwanamke alikuwa akilia kwamba mtoto wake amechanjwa, sasa mwili unawaka moto, na kwamba sindano hiyo itawafanya wasichana wasizae. Kesho yake tulikuta milango imefungwa.

Homa aliyoitaja yaweza kuwa kweli. Chanjo ya surua huweza kuleta homa na vipele vichache, yapata siku ya 7 hadi ya 12, kisha vikaisha vyenyewe. Kuhusu uzazi, hapana. Chanjo hizi hazifungi kizazi. Lakini maneno kama hayo hushika kwa sababu nusu yake umeiona nyumbani kwako. Na hapo sisi wauguzi tuna kosa: foleni ikiwa ndefu, tunadunga bila kueleza. Mama asipoambiwa mapema, atamwamini aliyemwambia kwenye simu.

Ukipokea ujumbe, tazama juu yake. Ukiona mishale miwili, umepita mikono mingi. Dada yako aliyekutumia siye aliyeusema. Mwulize ameutoa wapi, na mtoto huyo alichanjwa kituo gani. Ila mpigie kando. Kwetu, mama aliyeisambaza ile sauti alichekwa kundini akajiondoa, na hadi leo sijui kama mtoto wake alichanjwa. Hilo linaniuma kuliko sauti yenyewe.

Ukitaka kuuliza jambo, muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako. Usiweke kundini picha ya kitabu cha Mama na Mtoto; kina jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na nambari yako ya simu. Na homa ikizidi siku mbili, au mtoto akikataa kunyonya, au akipata degedege, usingoje majibu ya kundi. Mlete kituoni mara moja.

Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, tena miezi 18. Aliyechelewa tunampokea. Mama uliyejiondoa kundini, kama unanisikia, njoo kliniki na kitabu chako. Sitakuuliza habari za ile sauti.