Mtoto mchanga achezee nini? Vitu vya kutazama na vitu vya kutenda

Wapendwa wanakamati wa parokia na wafadhili wetu, mara kwa mara tunaulizwa kama ni vema kuleta katoni za midoli kwa ajili ya watoto wachanga wa vigango vyetu hapa Singida. Nia ni njema, nasi tunashukuru. Lakini kabla ya fedha kutumika tungependa kueleza tunachokiona tunapokaa na akina mama.

Vitu vya kuchezea ni vya namna mbili. Vipo ambavyo mtoto anavitazama au kuvisikiliza tu: kitambaa chenye rangi kilichoning'inizwa, redio, mdoli wa betri unaoimba wenyewe. Na vipo ambavyo havifanyi lolote mpaka mtoto mwenyewe atende: kikombe, kijiko, kibuyu kidogo kilichokaushwa kikiwa na mbegu zake ndani. Mdoli wa betri unafanya kazi yote na mtoto anabaki mtazamaji. Betri zikiisha, na huku kijijini zinaisha na hazinunuliwi nyingine, mdoli unawekwa juu ya kabati.

Hatusemi kutazama ni kubaya. Mtoto aliyezaliwa juzi hana namna nyingine. Macho yake yanaona vizuri kitu kilicho karibu, kama sentimita 20 hadi 30, yaani umbali wa uso wa mama anaponyonyesha. Uso huo ndio kichezeo chake cha kwanza na hauuzwi dukani. Kanga yenye maua makubwa ikipepea karibu naye inamtosha.

Kuanzia miezi mitatu hivi mizani inaanza kuhama. Sasa anataka kufikia na kushika. Mpe kayamba, au sogeza kitu cha rangi polepole mbele yake akifuate kwa macho, kisha kwa mkono. Akifika miezi sita hadi tisa anagonga, anahamisha kitu toka mkono mmoja kwenda mwingine, anakiangusha na kungoja ukiokote. Akina mama wengi wanaona huo ni utundu. Sisi tunauona kuwa ndiyo shule yake ya kwanza: anajifunza kwamba akitenda jambo, kuna kitu kinatokea. Sufuria na mwiko vinatosha, ingawa kelele yake jirani ataisikia. Kati ya miezi tisa na kumi na miwili ficha kikombe chini ya kitambaa, naye atakitafuta.

Hata hivyo mtoto mwenye umri huo huo akichoka hugeuza uso, hupiga miayo au hulia. Hapo weka kayamba pembeni na umwimbie. Mizani tunayoisema haipimwi kwa kuhesabu vitu bali kwa kumtazama mtoto.

Liko jambo linalotugusa sana huku kwetu. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, na wakati wa palizi ya alizeti, mtama na uwele mama anakwenda shamba na mtoto mgongoni tangu asubuhi. Mgongoni mtoto ana joto la mama, anaona na kusikia, lakini hawezi kutambaa wala kushika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asifungwe mahali pamoja, hata mgongoni, kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Asiyeanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho kwa jumla ya dakika 30 au zaidi kwa siku. Tunajua mstari wa palizi haungoji. Lakini mama anapopumzika na kunywa uji, mkeka chini ya mti (ukaguliwe siafu kwanza) na vikombe viwili vinampa mtoto nafasi hiyo. Runinga na simu, mwongozo huo unasema, si za mtoto wa umri huu kabisa.

Usalama ni lazima. Kitu kinachoweza kuingia chote kinywani mwa mtoto, kama kizibo, harage au punje ya mahindi, kinaweza kumpalia na kumwua. Mifuko ya plastiki ikae mbali. Vibaya kuliko vyote ni betri ndogo bapa za mviringo, zilizomo katika baadhi ya midoli inayoimba: ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Mtoto akiimeza apelekwe hospitali mara moja, si kesho yake.

Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto wa umri wa miaka 0 hadi 8. Malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali vimo ndani yake, hivyo kamati zinaweza kuzungumza na ofisi za ustawi wa jamii bila kuona wanaleta jambo geni.

Wapo wanaosema kumpa mtoto kibuyu ni kumdharau kwa kuwa ni maskini. Tunawaelewa, lakini mtoto hajui bei. Kwa hiyo tunaomba michango ielekezwe kwenye mikeka, sabuni na siku moja ya akina mama kutengeneza vichezeo katika kila kigango. Kila mama aje na chupa mbili tupu za maji zilizooshwa, kitambaa chakavu na sindano. Gundi ya kufungia vizibo tutaleta sisi.